Baada ya The Exorcist, Uangalie Ipi? Miendelezo Mitano Kwenye Mizani Moja

Mdogo wangu wa mwisho alimaliza kuangalia The Exorcist ya 1973 saa saba usiku, akanipigia simu palepale kwa sababu hakutaka kubaki peke yake na ukimya wa chumba. Tulizungumza mambo ya nyumbani kidogo, kisha akauliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengi: "Kaka, naona zipo nyingine. Nianze na ipi?" Usiku ule sikumjibu. Jibu fupi lingemdanganya.

Nimeziona zote zilizopita kwenye majumba ya sinema, baadhi zaidi ya mara mbili. Ile ya kwanza naipenda kiasi kwamba kila mwendelezo niliuanza na tumaini, na tumaini hilo liliniangusha mara nyingi. Lakini kadiri nilivyozirudia ndivyo nilivyoona kwamba hata zile zinazotukanwa zina kitu ambacho mtu fulani atakithamini, na ile ninayoipenda mimi itamchosha mwingine kabla ya nusu saa. Kwa hiyo nimeamua kuziweka zote pamoja na kuzipima kwa vipimo vilevile.

Nianze na mizani yenyewe, yaani ile ya kwanza. William Friedkin aliiongoza, na William Peter Blatty aliandika mswada kutokana na riwaya yake ya 1971. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mpunga Pepo. Regan, msichana wa miaka 12, anapagawa nyumbani kwao Georgetown, mjini Washington. Mama yake, mwigizaji asiye na dini, anazunguka na mtoto hospitalini hadi madaktari wanaishiwa, ndipo anapobisha hodi kwa mapadri. Wanakuja wawili: Karras, kijana, padri na daktari wa akili ambaye imani inamponyoka, na mzee Merrin. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar ikachukua 2, na ndiyo filamu ya kwanza ya kutisha kuwania ile ya filamu bora.

Kuna sentensi moja ndani yake nakuomba uishike. Kabla Merrin hajafika, wakubwa wanajadiliana nani aitwe, na mmoja anasema mzee huyu aliwahi kupunga pepo Afrika, miaka 10 au 12 iliyopita, kazi ikachukua miezi, nusura imuue. Basi. Hatuambiwi nchi gani wala nani alipagawa. Mzee anashuka kwenye teksi usiku, anasimama kwenye ukungu chini ya taa na mkoba wake mkononi, na sisi tunajua kwamba yeye na aliyeko ghorofani wameshakutana. Filamu tatu kati ya tano ninazozilinganisha zilitaka kuijaza sentensi ile. Naamini kilichoziangusha ni hamu ya kueleza kitu ambacho kilitutisha kwa sababu hakikuelezwa. Fedha zilikuwepo, na vipaji vilikuwepo tele.

Zinazopimwa, na vipimo

Ya kwanza ni Exorcist II: The Heretic (1977) ya John Boorman. Ya pili ni The Exorcist III (1990), ambayo Blatty mwenyewe aliiandika na kuiongoza. Kisha kuna pacha wawili, Exorcist: The Beginning (2004) ya Renny Harlin na Dominion: Prequel to the Exorcist (2005) ya Paul Schrader. Ya mwisho ni The Exorcist: Believer (2023) ya David Gordon Green.

Hao pacha wanahitaji maelezo kidogo. Schrader alipewa kazi ya kusimulia ujana wa Merrin, akapiga filamu nzima. Kampuni ilipoiona ikasema haitishi. Akaletwa Harlin, akaipiga upya karibu yote akiwa na mwigizaji mkuu yuleyule, Stellan Skarsgård, na mpigapicha yuleyule, Vittorio Storaro. Ya Harlin ikatoka 2004 na wakosoaji wakaiponda. Mwaka uliofuata Schrader akaruhusiwa kumalizia yake kwa vijisenti, nayo ikatoka. Mpenzi wa filamu hupata nafasi kama hii mara moja katika maisha: hadithi moja, sura moja, waongozaji wawili.

Maswali yangu ni matano. Hadithi inasimama? Inatisha, na kwa namna gani? Imani imechukuliwa kwa uzito? Kazi ya waigizaji na mafundi ikoje? La mwisho, kwa kuwa tatu kati yake zinakuja Afrika na mbili zinatua Kenya kabisa: Afrika hiyo imeonekanaje? Swali hili mkosoaji wa ng'ambo anaweza kuliruka. Mimi siwezi. Miisho sitaifichua, ila mwanzo na katikati nitavigusa.

Hadithi

The Heretic inaanza miaka minne baadaye. Regan yuko New York chini ya uangalizi wa daktari wa akili, na Padri Lamont ametumwa kuchunguza kifo cha Merrin, ambaye maandishi yake sasa yanashukiwa kuwa uzushi. Inaletwa mashine yenye taa za kuwakawaka. Watu wawili wanavishwa mikanda kichwani, wanazama kwenye usingizi mmoja, na mmoja anaingia kwenye kumbukumbu za mwenzake. Baadaye wanakuja nzige, na baada ya nzige, Afrika. Boorman alikuwa na wazo kubwa kwamba wema wa kiwango cha juu huvuta uovu wa kiwango hicho hicho, na kwamba Regan ni mponyaji ndiyo maana aliandamwa. Wazo lenyewe nalipenda mpaka leo. Ila wahusika wanalitamka badala ya kuliishi, na tukio moja halizai linalofuata. Mwaka 1977 watu walicheka mahali pasipotakiwa kicheko, na Boorman akalazimika kuikata upya ikiwa tayari inaonyeshwa.

III inaipita ya pili kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mhusika mkuu ni Luteni Kinderman, yule mpelelezi wa filamu ya kwanza, sasa amezeeka. Georgetown kuna mauaji yenye alama za muuaji ambaye alishauawa kwa hukumu ya mahakama miaka 15 nyuma. Nyayo zinampeleka kwenye wodi ya vichaa iliyofungwa, na kwenye chumba kimoja amekaa mgonjwa mwenye sura ya mtu ambaye Kinderman anajua alikufa. Ni hadithi ya upelelezi iliyoingiliwa na jambo la kiroho, na kwa sehemu kubwa imefumwa vizuri. Kasoro iko mwishoni. Blatty hakuwa ameweka kipengele cha kupunga pepo. Kampuni ikasema filamu yenye jina hili haitoki bila hicho, akarudi kupiga mwisho mpya. Padri Morning, yule anayekuja kumpunga pepo, anaonekana kama mgeni aliyekosea nyumba, na ndivyo ilivyokuwa hasa, maana aliongezwa wengine wameshamaliza. Mwaka 2016 lilitoka toleo lililojaribu kurudisha alichokusudia Blatty. Vipande vilivyopotea vilitolewa kwenye kanda za video za zamani, kwa hiyo picha inafifia na kurudi.

Pacha wote wawili wako mwishoni mwa miaka ya arobaini, Kenya ya Waingereza, sehemu wanayoiita Derati huko Turkana. Limefukuliwa kanisa la zama za Bizanti lililozikwa kwenye mchanga, mahali ambapo Ukristo ulikuwa haujafika zama hizo. Merrin ameshaacha upadri. Vitani, Uholanzi, ofisa wa Kinazi alimlazimisha kuchagua wanakijiji wa kupigwa risasi. Kwa Harlin, Merrin anachukuliwa Cairo kwenda kutafuta sanamu, kama wale wawindaji hazina wa sinema, na hadithi inajengwa juu ya fumbo la nani hasa amepagawa. Kwa Schrader, Merrin yuko kwenye machimbo tangu mwanzo, na uzito uko kwa kijana mlemavu anayeitwa Cheche, aliyetengwa na watu. Anaokotwa, anatibiwa, na anapona haraka kuliko mwili wa binadamu unavyoweza. Pepo anayeponya. Hapo Schrader aligusa kitu ambacho wengine wote walikipita.

Believer inasimulia wasichana wawili wa Georgia, Marekani, wanaopotea msituni siku tatu na kurudi wakiwa si wao. Chris MacNeil, mama wa Regan, anarudi baada ya miaka 50, na anapewa muda mdogo mno. Wahusika ni wengi, kila mmoja ana jeraha lake, na hakuna anayesubiriwa alie hadi mwisho.

Hofu

Hapa III inasimama peke yake, na nitakaa kidogo kwenye tukio moja.

Kamera imewekwa mwisho wa korido ya hospitali, usiku. Mbali, chini ya taa, kuna meza ya muuguzi. Anapanga makaratasi. Askari anapita, anazungumza naye, anaondoka. Muuguzi anasikia kitu, anaingia chumba kimoja kukagua, anatoka. Kamera imerudi palepale, na hakuna muziki. Kwa sababu hauelekezwi popote, jicho lako linaanza kuhangaika lenyewe: mlango huu, mlango ule, kona ile yenye giza. Unaanza kuamini kwamba hakuna kitu. Muuguzi anakagua mlango wa mwisho, anafunga, anageuka kwenda zake, na nyuma yake kinatoka kiumbe kimejifunika shuka jeupe gubigubi, mkasi mkubwa wa hospitali umenyooshwa kuelekea shingoni mwake, kikimfuata kwa mwendo wake huohuo. Picha inakatwa. Hatuonyeshwi kilichofuata. Binamu yangu ni muuguzi. Tuliiangalia pamoja, na kwa wiki nzima ya zamu za usiku alikuwa akienda stoo ya dawa huku akitembea ameegemea ukuta.

Mauaji mengine kwenye filamu hiyo tunayasikia tu yakisimuliwa na mpelelezi kwa sauti ya chini, na masikio yanafanya kazi ambayo damu ya bandia isingeiweza.

The Heretic haitishi. Nalisema bila kuikandia, kwa sababu nadhani Boorman hakutaka kutisha kama Friedkin, alitaka ndoto. Linda Blair alikataa kuvishwa tena ile sura ya pepo, na unaona jinsi filamu inavyolizunguka pengo hilo. Ukiingia ukitafuta kuruka kwenye kiti utatoka na usingizi. Ukiingia kama unayeangalia ndoto ya mtu mwenye homa, kuna picha hazitakutoka: kamera inayoruka juu ya nyanda kwa mabawa ya nzige, mwanga wa rangi ya kutu, jiwe lililopasuka na watu wakipanda kati yake.

The Beginning inatisha kwa kushtua: kelele ya ghafla, funza, damu, fisi. Inakufanya uruke, kisha unasahau. Fisi wake ni wa kompyuta na mtu yeyote aliyewahi kusikia fisi halisi akicheka usiku atawaona ni vikaragosi. Dominion haina haraka, na kwa saa nzima unaweza kudhani ni filamu ya vita na majuto. Halafu unaona ng'ombe wamezunguka mzoga wa fisi, wanaula. Hakuna kelele yoyote. Kwa mtazamaji wa mjini ng'ambo hiyo ni ajabu tu ya kupita. Kwa mtu aliyetoka kwenye familia ya wafugaji, ng'ombe anayekula nyama ni ulimwengu umepinduliwa chini juu, na sijui kama Schrader mwenyewe alijua ameweka tukio la kutisha kiasi gani mbele ya macho yetu.

Believer ina nusu ya kwanza nzuri. Baba anapomtafuta binti yake aliyepotea, hofu ni ya mzazi, inajulikana. Baada ya hapo inarudia sauti nzito, macho ya njano na shingo kupinda, vitu ambavyo 1973 vilikuwa vipya.

Imani

Mimi ni mtoto wa Pwani. Kwetu kupunga pepo ni jambo lenye majirani, ngoma, ubani na fundi anayemuuliza aliyepanda kichwani: u nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo anaweza kutaka kitambaa, pete, au sherehe, na watu wakaelewana naye. Kitabu cha ibada cha Kikatoliki nacho kinamtaka pepo aseme jina lake, lakini makubaliano hayapo, anaamriwa atoke. Kwa hiyo naziangalia filamu hizi nikijua kwamba kuna zaidi ya njia moja, na kwamba kwenye kila njia kuna mtu aliyechoka sana amekaa pembeni ya kitanda akingoja.

III inamweka mtu huyo katikati. Kinderman ni Myahudi asiyejua kama anaamini, amechoka kuona maiti. Rafiki yake mkubwa ni Padri Dyer. Kila mwaka, siku aliyokufa Karras, wanakwenda sinema pamoja, kila mmoja akidhani anamliwaza mwenzake. Wanabishana kuhusu Mungu na mateso kama watani wa miaka mingi. Kuna mahali Kinderman anaeleza kwa uchungu kwamba hawezi kurudi nyumbani kwa sababu mama mkwe ameweka samaki hai kwenye beseni la kuogea, na yeye ana siku tatu hajaoga. Unacheka, unawapenda wazee hawa, na kwa sababu umewapenda yanayokuja yanauma. Anapomfokea Mungu baadaye, anafoka akiwa na haki.

Dominion inafuata kwa karibu. Swali lake ni kama mtu aliyewahi kulazimishwa kuchagua nani afe anaweza tena kumwambia mwingine kwamba Mungu yupo. The Beginning ina swali hilohilo kwenye mswada lakini inalivua mapema, na imani ya Merrin inarudi kama koti lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

Believer inastahili kusikilizwa zaidi kwenye kipengele hiki. Kwenye chumba kimoja wanakusanyika padri, mchungaji wa Kibaptisti, Wapentekoste na mganga wa mitishamba, kila mmoja na maombi yake. Wakosoaji wengi wa Marekani waliona ni mchanganyiko usio na kichwa. Mimi niliona nyumba ninazozijua. Mgonjwa kwetu anaweza kuanza hospitali ya wilaya Jumatatu, akasomewa dua Jumatano, akaombewa na mchungaji wa jirani Ijumaa, na shangazi akaja na mizizi Jumapili, na hakuna anayeona ajabu. Wazo hilo lilistahili filamu nzima. Walilipatia sehemu ya mwisho tu, tena ya haraka.

Waigizaji na mafundi

Hakuna kati ya hizi iliyokosa watu wazuri. The Heretic ina Richard Burton, na Louise Fletcher aliyekuwa ametoka kuchukua Oscar, na muziki wa Ennio Morricone ambao hata anayeichukia filamu hawezi kuusema vibaya. Boorman aliugua vibaya katikati ya upigaji, kazi ikasimama kwa wiki kadhaa, na mswada ulikuwa ukiandikwa upya siku hadi siku. Burton anaonekana kama mtu anayesoma barua asiyoielewa.

III ina George C. Scott kwa Kinderman, akichukua nafasi ya Lee J. Cobb aliyefariki 1976, na ina Brad Dourif, ambaye sehemu kubwa ya muda amefungwa akizungumza tu. Sura yake na ya mwigizaji mwenzake Jason Miller zinapokezana kwenye mwili mmoja. Kwa uigizaji peke yake, mazungumzo ya kwenye kile chumba yanatosha kuifanya uiangalie.

Skarsgård ni mzuri kwa wote wawili, ila kwa Schrader ameachiwa nafasi ya kunyamaza. Upande mwingine, Dominion inaonekana haikumaliziwa. Fisi wake ni wabovu kuliko hata wa Harlin, na sauti kuna mahali ni nyembamba. The Beginning imeng'aa kila kona. Anayesumbuliwa na picha duni lazima alijue hili mapema.

Kwenye Believer, Leslie Odom Jr. anabeba mzigo wote na hautikisi. Ellen Burstyn alikuwa amekataa kurudi tangu 1977. Safari hii alikubali, na malipo yake akayaelekeza kwenye ufadhili wa wanafunzi wa uigizaji. Friedkin alifariki tarehe 7 Agosti 2023, miezi miwili kabla haijatoka. Kulikuwa na mpango wa filamu tatu mfululizo. Baada ya hii mpango ukavunjwa na mwongozaji akaondoka.

Afrika yao, Afrika yetu

III haifiki Afrika. Believer inaanzia Haiti wakati wa tetemeko, na mila za huko zenye asili ya kwetu zinapewa heshima, ingawa kwa muda mfupi.

The Heretic inatupeleka Ethiopia, yenye makanisa ya mwamba, lakini sehemu kubwa ilijengwa studio California. Mtoto aliyepungwa na Merrin anaitwa Kokumo, jina la Kiyoruba la Nigeria, la mtoto ambaye wazazi wanaomba asife tena kama waliomtangulia. Jina zuri, nchi siyo. James Earl Jones anamcheza akiwa mtu mzima, na sauti yake inalipa mengi. Kuhusu nzige: nilipoiona miaka ya nyuma niliwapuuza. Kisha 2020 wakaja kweli kaskazini mwa Kenya, Turkana ikiwemo, kwa wingi ambao nchi haikuwa imeuona kwa miaka 70. Baada ya picha zile za mbingu kuwa kahawia na mama anapiga debe kulinda mtama, nimerudi kwenye filamu ya Boorman na siwezi tena kusema kwamba nzige hawatishi.

Turkana ya pacha imepigwa Morocco na kwenye studio za Roma, na inaonekana. Miaka ile Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali cha serikali ya kikoloni, kwa hiyo hofu ya wanajeshi wa Kiingereza kwenye filamu na jeuri yao kwa wenyeji vina ukweli ndani yake. Kanisa la kale lililozikwa ni la kubuni. Kilichofukuliwa Turkana kikaitikisa dunia ni kitu kingine: mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu karibu na mto Nariokotome, na ikatoka mifupa ya mvulana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Majina nayo yanakuvuta sikio. Mkalimani anaitwa Chuma, jina la mmoja wa wale waliobeba mwili wa Livingstone. Cheche, kwa msomaji wa Kiswahili, ni cheche za moto, na kijana yule aliyetupwa anapoanza kuwaka huwezi kuacha kulifikiria jina lake. Akuj, Mungu wa Waturkana, na waganga wao wanaoitwa ngimurok, wangeweza kuwa na lao la kusema juu ya kitu kilichozikwa ardhini mwao. Schrader anawapa wenyeji hasira na sababu ya hasira hiyo. Harlin anawafanya mandhari. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya pacha hawa.

Na hesabu haikubali: sentensi ya 1973 ilisema miaka 10 au 12, ambayo ingekuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, uhuru unaingia Kenya. Fikiria filamu ya kupunga pepo iliyowekwa wakati ule.

Ipi kwa nani

Kama uliipenda ile ya kwanza kwa ajili ya mapadri, mashaka yao na mazungumzo ya usiku, nenda III. Itakufaa pia kama unapenda hadithi za upelelezi. Anza na toleo la kawaida, hilo la 2016 liache hadi umeshaipenda. Kama huna subira na maongezi marefu ya wazee wawili mgahawani, itakutesa.

Kama mko wengi sebuleni, mnataka kushtuka na kupiga kelele pamoja, na kuna wengine hawajaona filamu yoyote kati ya hizi, The Beginning inatosha na haidai uwe unajua lolote. Watoto wasiwepo. Ina mtoto anayeshambuliwa na fisi, na tukio la vitani ni zito kwa yeyote.

Believer inamfaa mzazi, hasa mwenye binti, na kijana aliyezoea picha za kisasa ambaye filamu ya zamani inamlaza. Ndiyo yenye mwendo mwepesi kuliko zote. Aliyeiabudu ya 1973 asubiri kwanza hamu yake ipoe.

The Heretic ni ya mtu anayesoma filamu kama anavyosoma mashairi, au anayesomea utengenezaji wa filamu na anataka kuona wazo kubwa likivunjikia wapi. Iangalie mchana, peke yako, ukiwa umeweka sauti juu kwa ajili ya Morricone. Ukichoka, izime bila kujilaumu.

Dominion ni ya anayejali ukoloni, hatia na swali la kwa nini Mungu alinyamaza, na anayeweza kuvumilia picha isiyokamilika. Ukiwa Mkenya, ningeiweka juu ya orodha yako.

Na ukitaka kuziona pacha zote mbili, tafuta siku mbili tofauti na uanze na ya Harlin. Ukianza na ya Schrader utakuwa umeshamjua Cheche, na kwenye ya Harlin utamtafuta filamu nzima usimwone.